Udongo wa tangi la samaki: Somo kutoka vibanja vya Rubya

WATU wengi mijini wanaoanza kufuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo hufikiria kwanza samaki, kisha taa, kisha pampu ya hewa. Kile kinachotandazwa chini ya tangi hufikiriwa mwisho, na mara nyingi huchaguliwa kwa rangi yake tu.

Matokeo yake yanafahamika kwa wafugaji wengi. Baada ya mwezi mmoja au miwili majani ya mimea hugeuka njano, mizizi huoza, maji huwa ya kijani kibichi na samaki huanza kufa mmoja baada ya mwingine. Mwenye tangi hulaumu maji ya bomba au muuza samaki, kumbe chanzo cha tatizo kimelala chini ya kokoto zenye rangi za kupendeza.

Somo la namna ya kuepuka hasara hiyo linapatikana mahali ambapo wengi wasingelitafuta, katika mashamba ya migomba ya Rubya, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Huko wakulima wamelazimika kwa vizazi vingi kujibu swali lile lile linalomkabili mwenye tangi: rutuba hutoka wapi, na hushikwa na nini isipotee?

Rubya inajulikana na wengi kwa seminari yake kongwe ya Kanisa Katoliki na kwa hospitali yake. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba migomba mikubwa inayozunguka nyumba za eneo hilo imesimama juu ya udongo ambao kwa asili yake ni maskini.

Ukanda wa Bukoba na Muleba ulio karibu na Ziwa Victoria una miamba mingi ya mchanga, na hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo, ikinyesha kwa maelfu ya miaka juu ya udongo uliotokana na mchanga, huyeyusha virutubisho na kuvizamisha chini mno, mahali ambapo mizizi haifiki. Kinachobaki juu ni udongo wenye tindikali, usio na uwezo mkubwa wa kulisha mmea.

Wahaya hutofautisha ardhi yao kwa majina. Rweya ni nyika ya nyasi iliyo wazi, ambayo huachiwa malisho, nyasi za kutandaza na mazao yanayovumilia shida kama njugumawe. Kibanja ni shamba linalozunguka nyumba, lenye migomba, mibuni na maharage. Mgeni anayepita anaweza kudhani kuwa waliojenga walichagua mahali penye udongo mzuri. Kwa kiasi kikubwa ukweli ni kinyume chake, kwani udongo ulikuja kuwa mzuri baada ya watu kujenga.

Samadi ya ng'ombe, majivu na mabaki ya jikoni, maganda ya ndizi, majani ya migomba na nyasi zilizokatwa rweya vilipelekwa kibanjani mwaka baada ya mwaka. Vikaoza na kuwa mboji, na mboji ikaupa udongo uwezo wa kushika kile ambacho mvua ingekichukua. Juu yake hutandazwa nyasi, ili matone ya mvua yasiupige udongo na kuusomba kwenda bondeni.

Mambo hayo matatu, yaani kitu kinachoshika rutuba, chakula kinachoongezwa kidogo kidogo na kifuniko cha juu, ndiyo msingi wa tangi lenye mimea yenye afya.

Mchanga haushiki kitu

Wataalamu wa udongo hueleza kwamba chembe za mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi ya umeme. Virutubisho vingi vya mimea, kama amonia, potasiamu, kalsiamu na chuma, huwa na chaji chanya vinapoyeyuka katika maji. Kwa hiyo hunaswa juu ya chembe hizo, na mizizi huvichukua kadiri inavyohitaji. Chembe ya mchanga mweupe haina uwezo huo, hivyo maji yakipita virutubisho hupita nayo.

Tangi lililotandazwa mchanga mtupu au kokoto zilizopakwa rangi linafanana basi na rweya iliyonyeshewa. Hata mwenye tangi akimimina mbolea ya maji kila wiki, sehemu kubwa hubaki ikielea majini, na huko mlaji wa kwanza ni mwani, ule utando wa kijani unaofunika vioo na majani.

Hata hivyo, si kila mmea unahitaji udongo. Mmea uitwao kitaalamu Ceratophyllum demersum, ambao huota pia katika Ziwa Victoria, hauna mizizi kabisa na hula kwa majani yake. Anubias, mmea wa asili ya Afrika Magharibi na ya Kati unaouzwa sana madukani, hufungwa juu ya jiwe au gogo, kwani shina lake la kutambaa likifukiwa huoza. Anayekusudia kupanda mimea ya namna hiyo peke yake anaweza kutumia mchanga safi bila hofu.

Mambo hubadilika kwa mimea yenye mizizi mingi. Vallisneria spiralis, yenye majani marefu kama utepe na inayopatikana pia Ziwa Victoria, pamoja na yungiyungi na jamii ya Cryptocoryne ya Asia, hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini. Mimea hiyo ikipandwa kwenye kokoto tupu hudumaa, nayo ndiyo inayomlazimu mwenye tangi kufikiria udongo.

Njia tatu zilizojaribiwa

Wafugaji wa nchi za nje wamejaribu njia tatu zilizopata umaarufu, na kila moja ina somo lake.

Njia ya kwanza ilienezwa na Wajerumani Kaspar Horst na Horst Kipper, ambao kitabu chao kuhusu tangi bora kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1986. Wao walihimiza kuchanganya udongo mwekundu wenye chuma kingi na kokoto za tabaka la chini. Udongo wa aina hiyo umejaa katika nchi za joto, ikiwamo Tanzania. Faida yake ni chuma na mfinyanzi. Kasoro yake ni kwamba hauna naitrojeni wala fosforasi ya kutosha, hivyo mimea hutegemea kinyesi cha samaki kujaza pengo.

Njia ya pili ni ya Mmarekani Diana Walstad, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1999. Yeye alipendekeza udongo wa kawaida wa bustani, usiotiwa mbolea ya dukani, utandazwe chini na kufunikwa kwa kokoto. Njia hiyo ni ya gharama ndogo kuliko zote, lakini huhitaji uvumilivu katika wiki za mwanzo.

Njia ya tatu ilipata nguvu kutokana na kazi ya Mjapani Takashi Amano, mpiga picha na mbunifu wa matangi ya mimea aliyefariki mwaka 2015. Ni matumizi ya punje za udongo zilizotengenezwa kiwandani na kukaushwa kwa moto. Punje hizo hushika virutubisho, hupunguza ugumu wa maji na huacha nafasi za maji kupita. Bei yake, hata hivyo, ni kubwa, na baada ya muda punje hulainika na kuhitaji kubadilishwa. Aidha, nyingi kati ya hizo hutoa amonia mwanzoni, kwa hiyo samaki hawapaswi kuingizwa mara moja.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Bukoba, njia ya pili ikichanganywa na udongo mwekundu kidogo ndiyo inayowezekana kwa urahisi, kwa kuwa malighafi yake ipo nchini. Lakini mafanikio yake hutegemea namna udongo unavyochaguliwa na kuandaliwa.

Kupima udongo kwa chupa na ndimu

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chukua chupa ya kioo inayoonyesha, tia udongo hadi robo, jaza maji, tikisa kwa nguvu na uiache itulie. Mchanga hushuka katika dakika moja au mbili. Chembe za katikati huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi hubaki ukielea na kuyachafua maji kwa siku nzima au zaidi. Mboji isiyooza na vipande vya majani huelea juu.

Udongo unaofaa huonyesha matabaka yote, bila mfinyanzi kutawala. Ukiwa mchanga karibu wote, hautashika rutuba. Ukiwa mfinyanzi mtupu, utashikamana kama tope la kufinyangia vyungu, maji hayatapita na mizizi itakosa hewa. Udongo wa kichuguu, ambao wengi huusifia, una mfinyanzi mwingi na huweza kuwa na chokaa, hivyo uchanganywe kwa kiasi kidogo na upimwe kwanza.

Kipimo cha pili ni cha ndimu au siki. Dondoshea matone machache juu ya mchanga au kokoto zilizokauka. Zikitoa povu, zina chokaa au vipande vya tumbawe na makombe. Mchanga wa namna hiyo, ambao ni wa kawaida katika fukwe za Pwani na Zanzibar, hupandisha ugumu wa maji na kuyaondolea tindikali. Mimea mingi ya majini hupata shida ya kupata chuma katika hali hiyo. Zaidi ya hayo, mchanga wa baharini una chumvi.

Mchanga unaotokana na miamba kama ile ya Bukoba na Muleba kwa kawaida hautoi povu, na hiyo ndiyo sifa inayotakiwa kwa tabaka la juu. Kwa maneno mengine, umaskini uleule unaomsumbua mkulima wa rweya humfaa mwenye tangi anayetafuta kifuniko kisichobadilisha maji.

Yasiyopaswa kuingia tangini

Kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani kwamba kilichofaa kibanjani kitafaa tangini kama kilivyo. Samadi mbichi, mbolea ya kuku, urea na mbolea nyingine za viwandani hutoa amonia nyingi, na samaki hufa kwa kiasi kidogo tu cha sumu hiyo. Kibanjani amonia hupotelea hewani au hushikwa na udongo mpana, lakini katika tangi la lita 60 haina pa kwenda.

Majivu, ambayo husaidia kupunguza tindikali ya udongo shambani, hubadilisha maji ya tangi ghafla mno. Vumbi la mbao na maganda ya kahawa huendelea kuoza chini ya maji na kula oksijeni yote. Udongo wa shamba lililopuliziwa dawa za kuua wadudu au ukungu haufai kabisa, kwani dawa nyingi zina sumu kali kwa samaki, konokono na kamba.

Tope la ziwani nalo linavutia kwa kuwa mimea huonekana ikistawi juu yake. Lakini kulichota kuna hatari. Maji yaliyotulia kandokando ya Ziwa Victoria ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na anayeingia majini bila kinga anaweza kuambukizwa. Tope lililo karibu na mitaro ya mji linaweza pia kuwa limebeba mafuta na maji taka.

Kuandaa na kutandaza

Udongo ukishachaguliwa, huchekechwa ili kuondoa mawe, mizizi na vijiti. Kisha hulowekwa katika ndoo kwa siku moja, uchafu unaoelea humwagwa, na udongo huanikwa juani hadi ukauke. Zoezi hilo hurudiwa mara tatu au nne. Kila mara bakteria huvunjavunja mabaki laini ya mimea, na chumvi na amonia ya ziada huondoka na maji. Mwishoni udongo hauna harufu ya uozo, hunukia kama ardhi iliyonyeshewa.

Tabaka la udongo lisizidi sentimita 2.5 au 3. Juu yake hutandazwa mchanga mzito au changarawe yenye punje za milimita moja hadi tatu, kwa unene wa sentimita 3 hivi. Kwa tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, hiyo ni lita 4.5 za udongo na lita zipatazo 5.4 za kifuniko, ambazo zikiwa mchanga zina uzito wa karibu kilo 8 hadi 9. Aliye na samaki wanaopenda kuchimba, kama furu wengi wa Ziwa Victoria, aongeze unene wa kifuniko na kupanga mawe kuzunguka mashina.

Unene una sababu yake. Oksijeni haipenyi mbali ndani ya udongo ulio chini ya maji. Milimita chache tu kutoka juu, bakteria wasiotumia oksijeni huanza kazi. Kwa kiasi, kazi hiyo ni ya faida, kwa kuwa hugeuza chuma kuwa katika hali ambayo mizizi inaweza kukinyonya. Lakini tabaka likiwa nene kupita kiasi au limejaa vitu vinavyooza, bakteria hao hutengeneza gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo huua mizizi, na ikitoka kwa wingi huwadhuru samaki.

Kinga bora ni mimea yenyewe. Mizizi hai husafirisha oksijeni kutoka majanini na kuivujisha udongoni. Kwa sababu hiyo inashauriwa kupanda mimea mingi siku ya kwanza, badala ya kupanda michache na kungoja ienee.

Maji humiminwa taratibu juu ya sahani au karatasi ya nailoni iliyotandazwa juu ya mchanga, ili kifuniko kisifukuliwe. Katika wiki za mwanzo nusu ya maji hubadilishwa kila baada ya siku chache. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku nzima kwanza. Wakati huo bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, hujijenga juu ya punje za mchanga. Zoezi hilo huchukua takriban wiki nne hadi sita, na samaki huingizwa baada ya hapo, wachache wachache. Tangu hapo chakula na kinyesi chao ndiyo samadi ya tangi.

Ziwa ni tangi kubwa

Historia ya Ziwa Victoria yenyewe inaonyesha kinachotokea rutuba inapohama kutoka ardhini na kuingia majini. Katika miaka ya 1990 watafiti walieleza kuwa mwani ulikuwa umeongezeka mno ziwani kulinganisha na miongo iliyotangulia, na kwamba maji yalikuwa yamepoteza uangavu wake. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa ni udongo uliosombwa kutoka mashamba yasiyofunikwa, moshi wa uchomaji wa misitu na nyasi, pamoja na maji taka ya miji. Fosforasi iliyokuwa na thamani mlimani iligeuka kero ilipofika ziwani.

Ndiyo maana nyasi zinazotandazwa kibanjani na changarawe inayotandazwa tangini zina kazi moja. Zote huzuia rutuba isiende mahali ambapo haitakiwi.

Kuna onyo jingine kutoka ziwa hilo. Magugu maji, yenye asili ya Amerika Kusini, yalisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau kwa ajili ya kupamba mabwawa. Yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ni mojawapo ya njia kuu zilizoyafikisha huko kutoka juu ya bonde lake. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamefunga mialo ya wavuvi na bandari katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa, hadi wadudu maalumu wanaoyala walipofugwa na kuachiliwa ili kuyapunguza.

Pambo la nyumba ya mtu mmoja linaweza kuwa msiba wa eneo zima. Mimea iliyopunguzwa tangini isitupwe katika mtaro, mto au bwawa. Ianikwe juani hadi ikauke kabisa, kisha ifukiwe au ichanganywe na mboji ya bustani. Udongo wa zamani wa tangi nao una nafasi nzuri chini ya mgomba au kwenye chungu cha maua, maadamu haukuwa na chumvi.

Anayesimama mbele ya duka la samaki akichagua kati ya kokoto za buluu na mfuko wa mchanga wa kawaida anaweza, basi, kujiuliza maswali matatu: Je, kuna kitu chini kitakachoshika rutuba? Je, rutuba hiyo ni ya kiasi, imeoza vya kutosha? Na je, kuna kifuniko cha kuizuia isipande majini? Majibu yakiwa ndiyo, rangi ya kokoto ni suala la macho ya mwenye nyumba.